Mama mkwe asema selimundu ni "damu ya Wamanyema". Je, ni kweli?

Swali: "Shikamoo daktari. Naandika kutoka Ujiji. Mwanangu wa miaka minne amepimwa, amekutwa na selimundu, karatasi imeandikwa SS. Mimi ni Mmanyema, baba yake ni Muha, kwao ni Heru Juu, Kasulu. Tangu majibu yatoke, mama mkwe hasemi nami vizuri. Anadai ugonjwa huu ni damu ya Wamanyema, umetoka Kongo, na kwao Buha haujawahi kuonekana. Mume wangu ananyamaza tu. Je, ni kweli magonjwa ya damu ya kurithi yana makabila yake? Jingine: mdogo wangu amechumbiwa na mtoto wa mjomba wetu aliye Tabora. Tumzuie?"

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza. Nianze na hilo linalokunyima usingizi: hapana, si kweli. Ushahidi unao mwenyewe mkononi, kwenye hiyo karatasi ya majibu. Zile herufi ni mbili kwa sababu kila mtu ana nakala mbili za maelekezo ya kutengeneza hemoglobini, kile kitu chekundu kwenye damu kinachobeba oksijeni. Nakala moja mtoto hupewa na mama, ya pili hupewa na baba. S ni nakala yenye kasoro, ile inayofanya chembe nyekundu zijikunje kama mundu. Moja umeitoa wewe. Nyingine hukuitoa wewe, kwa sababu mama hana nafasi ya kutoa zote mbili. Imetoka kwa baba mtoto, naye aliirithi kwa mmoja wa wazazi wake hukohuko Heru Juu.

Najua neno linalofuata mtu akishasikia hivyo. Nimelisikia mara nyingi mlangoni kwa maabara: "Basi mtoto si wangu." Kabla halijatamkwa nyumbani kwako, mume apimwe. Akikutwa AS, yaani ana nakala moja nzima na moja ya S, mjadala umekwisha. Akikutwa AA, yaani nakala zake zote mbili hazina S, bado asihukumiwe mtu: kipimo kirudiwe kwa njia nzuri zaidi, kwa kuwa kuna hali adimu kwetu ambapo mzazi mmoja ana S na mwingine ana hitilafu ya thalasemia (kasoro nyingine ya kurithi, inayopunguza utengenezaji wa hemoglobini), na mtoto wao kwenye baadhi ya vipimo huonekana kama SS. Hata hapo, nusu ya ugonjwa imetoka kwa baba.

Mwenye AS haumwi. Analima, anavua migebuka, anapakia mizigo bandarini, anazeeka na wajukuu zake. Hana dalili itakayomfanya aende kupimwa, kwa hiyo hajui, na mama yake hajui. Wenye AS wawili wakioana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuwa SS. Na kila mimba ni kura mpya. Watu hudhani wa kwanza akishaumwa, watatu wanaofuata wamesalimika. Sivyo. Kuna nyumba zina watoto sita wote wazima, na kuna nyumba watatu wa kwanza wote ni SS.

Mama mkwe akisema haujawahi kuonekana kwao, simwiti mwongo. Mtoto wa SS huzaliwa mzima kabisa, kwa sababu miezi ya mwanzo damu yake bado imejaa hemoglobini ya tumboni, ambayo haina kasoro hiyo. Ikifika mwezi wa tano au wa sita, ile ya tumboni inapungua na S inashika nafasi yake. Ndipo vidole vinavimba, macho yanakuwa ya manjano, bandama inajaa ubavuni, mtoto analia usiku na humjui anaumwa wapi. Halafu inakuja homa moja kali. Zamani wengi wao hawakufikisha miaka mitano, na walizikwa kwa jina jingine: malaria, degedege, kuishiwa damu, jicho la watu. Ukikaa na bibi yeyote wa Buha, Unyamwezi au Ujiji, atakuhesabia: nilizaa tisa, wakakaa sita. Siwezi kusema wale watatu walikuwa selimundu. Ila katika makaburi madogo ya mikoa yetu, wamo. Ugonjwa usiokuwa na kipimo haukuonekana, ndiyo maana "haukuwepo".

Sasa kuna fumbo hapa, na ndilo linalojibu swali lako la makabila. Kila mtoto wa SS aliyekufa zamani alizikwa na nakala mbili za S. Kwa vizazi na vizazi, S ilitakiwa iwe imepungua mpaka ikaisha. Mbona imejaa?

Jibu lilitoka Afrika Mashariki, na sehemu yake lilitoka hapahapa kwetu. Mwaka 1949 kijana mmoja aliyekulia Kenya, Anthony Allison, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi hiyo. Akaona S ni nyingi Pwani na kando ya Ziwa Victoria, lakini nyanda za juu zenye baridi ni chache. Wakati mwingine watu wa lugha zinazokaribiana walitofautiana sana, na wa lugha zisizohusiana kabisa wakafanana. Lugha haikueleza kitu. Mbu ndiye aliyeeleza. Mwaka 1954 alichapisha hoja yake: mwenye nakala moja ya S anakingwa na malaria.

Miaka michache baadaye aliweka wazi takwimu za Musoma, na hizi napenda kuzionyesha kwa wanafunzi kwa sababu mtu hahitaji shahada kuzisoma. Walipimwa watoto wachanga 287: wenye AA walikuwa 189, AS 89, SS 9. Wakapimwa watu wazima 654 wa wilaya hiyohiyo: AA 400, AS 249, SS 5. Igeuze kwa mia. Wachanga wa SS ni watatu katika kila mia, lakini ukija kwa watu wazima hupati hata mmoja kamili. Hao ndio waliokufa njiani. Sasa tazama AS: kwa wachanga ni 31 katika mia, kwa watu wazima 38. Hakuna anayegeuka kuwa AS akiwa ameshazaliwa. Sehemu yao imekua kwa sababu wenzao wa AA nao walikuwa wanapungua, tena kwa malaria. S ilikuwa inapotea kupitia watoto wa SS na kurudi kupitia watoto wa AS waliopona homa iliyowaua jirani zao.

Namna inavyofanya kazi ni hivi: kimelea cha malaria kikiingia kwenye chembe nyekundu ya mtu wa AS, chembe hiyo hujikunja kwa urahisi na bandama huifagia kabla kimelea hakijazaliana vya kutosha. Mtoto wa AS anaugua malaria kama wenzake, ila uwezekano wa kupata ile kali inayoua hupungua kwa takriban asilimia 90. Tafadhali usichanganye na mwanao. SS haikingi kitu. Kwake malaria ni hatari kuliko kwa mtoto mwingine yeyote, na chandarua chake kisiwe na tundu hata moja.

Kwa hiyo ramani ya S ni ramani ya malaria ya kale, ikisogezwa na miguu ya watu. Ndiyo maana ipo Ugiriki, ipo India, ipo mashariki ya Saudia, kote ambako malaria ilikuwa kali. Ndiyo maana pia mtu mmoja kati ya 13 hivi katika Wamarekani weusi anabeba S leo, ingawa malaria kwao ilikwisha zamani. Walibebwa kwenye majahazi na damu zao zikabebwa nao. Uchambuzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba badiliko lenyewe, herufi moja tu iliyokosewa katika maelekezo ya hemoglobini, huenda lilitokea mara moja kwa mtu mmoja, miaka 7,300 hivi iliyopita. Wakati huo hakukuwa na Mmanyema wala Muha wala Mnyamwezi. Hayo majina yote yamekuja baadaye sana.

Turudi nyumbani. Malaria imetushikilia hasa huku magharibi. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2017, Kigoma ndiyo iliyoongoza nchi nzima: watoto wa chini ya miaka mitano 24 katika mia walikutwa na vimelea. Mwaka 2022 ikaongoza Tabora, 23 katika mia, wakati wastani wa Taifa ulikuwa 8. Mahali pa namna hii, kwa maelfu ya miaka, palikuwa shamba la S. Haikuhitaji kuvushwa ziwa kutoka Kongo ili ifike.

Na hata tukisema ilivushwa, nani hakuvuka? Jina Wamanyema lenyewe ni mwavuli: chini yake wamo Wabwari, Wabembe, Wagoma na wengine waliokutana Ujiji. Njia ya misafara kutoka Pwani ilipita Tabora ikaishia kwenu ziwani, na wapagazi wa Kinyamwezi waliitembea mwaka hadi mwaka, wakaoa huku na huku. Reli ikafika Tabora 1912, ikafika Kigoma 1914. Warundi waliokimbia mwaka 1972 wakapelekwa Ulyankulu, na wengi wao leo ni raia wenzetu. Wasukuma wameshuka na ng'ombe zao mpaka Kaliua. Wakongomani wako Nyarugusu. Mtu akiniambia damu ya mwisho wa reli ina kabila moja, namuuliza ni treni gani ilikuwa haibebi abiria.

Hapo mama mkwe ana nusu ya ukweli, nimpe haki yake. Penye baridi, kama huko kwao milimani, kimelea huchelewa kukomaa ndani ya mbu, malaria hupungua, na kwa kawaida S nayo huwa chache kuliko bondeni. Inawezekana kabisa kwamba Heru Juu wenye S ni wachache kuliko Ujiji. Lakini kuna hesabu moja inayodanganya macho ya watu wa milimani, nami naomba uifuatilie taratibu.

Mwaka 2017 na 2018 maabara ya Bugando, Mwanza, ilitumia matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi, ambayo yalikuwa yameshachukuliwa kwa ajili ya kupima VVU kwa watoto wa mikoa ya kaskazini-magharibi. Wakayapima upya kutafuta S. Watoto walizidi 17,000. Waliokutwa na AS walikuwa 20 katika mia, na wenye ugonjwa wenyewe 1.2 katika mia. Hizo namba mbili zinaongea. Kama watu 20 katika mia ni AS, na watu wanaoana bila kuulizana damu, basi katika kila ndoa mia, nne zitawakutanisha AS wawili. Robo ya watoto wa ndoa hizo nne watakuwa SS. Ni kama mtoto mmoja katika mia, na ndivyo ilivyoonekana. Sasa panda mlimani, mahali ambapo, tuseme kwa mfano, AS ni kumi tu katika mia. Ndoa za AS wawili zinakuwa moja katika mia, na mtoto wa SS anakuwa mmoja katika mia nne. Wabebaji wamepungua nusu, lakini wagonjwa wamebaki robo. Kadiri S inavyokuwa chache, ugonjwa unapotea machoni haraka kuliko S yenyewe inavyopotea kwenye damu. Kijiji kinaweza kukaa miaka bila kuona mgonjwa, huku mtu mmoja katika kila kumi anaibeba. Kijana wake akishuka Ujiji akaoa, inaonekana kana kwamba ugonjwa umeletwa na mke.

Umeuliza magonjwa ya damu kwa jumla, kwa hiyo niseme kidogo na mengine. Yako mawili yanayofuata nyayo za malaria kama S. Moja ni thalasemia ya alfa, ambayo kwetu ni ya kawaida mno. Wengi tunayo, na ile ya kwetu haituumizi zaidi ya kupunguza damu kidogo. Kitu cha ajabu ni kwamba anayeibeba pamoja na AS hupoteza sehemu kubwa ya kinga dhidi ya malaria ambayo kila moja ingempa peke yake. Watafiti waliliona hilo Kilifi, Kenya, na linaeleza kwa nini S haikupanda zaidi ya hapo ilipo. Ya pili ni upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu, ambao huwapata zaidi wanaume kwa sababu unakaa kwenye kromosomu X, ambayo mwanaume anayo moja tu. Mwenye nao ni mzima hadi siku atakapopewa dawa fulani, kama dapsoni au primakwini kwa dozi kubwa, ndipo mkojo unageuka rangi ya chai ya rangi.

Hemofilia, ule ugonjwa wa damu kutoganda, uko tofauti kabisa. Haimkingi mtu na chochote, haijali mbu wala baridi, na aina yake kuu hupatikana kwa mtoto wa kiume mmoja kati ya 5,000 hivi popote duniani. Karibu theluthi ya wagonjwa hupata badiliko jipya ambalo halikuwahi kuwa kwenye ukoo. Kwa hiyo Kigoma ipo, Tabora ipo, Heru Juu ipo. Mtoto wa kiume aliyetahiriwa damu ikakataa kukatika siku nzima, apelekwe kupimwa, asitafutiwe mganga.

Sasa mdogo wako na mtoto wa mjomba. Watu wengi wanategemea niseme "mzuieni". Sisemi hivyo. Tuseme mdogo wako ni AS. Akiolewa na mwanaume yeyote wa huku, uwezekano wa mume kuwa AS ni kama mmoja kati ya watano. Akiwa ni mtoto wa mjomba, uwezekano unapanda kwa sababu wana babu na bibi mmoja, lakini haupandi kama watu wanavyofikiri: unafika kidogo zaidi ya robo. Kwenye ugonjwa adimu, undugu huo ungezidisha hatari mara nyingi mno. Kwenye S, ambayo imejaa mtaani, mgeni naye si salama sana. Nimeona wazazi wakivunja uchumba wa binamu kwa kuogopa damu, binti akaolewa na kijana wa mbali ambaye hakupimwa, na yeye alikuwa AS. Kinachoamua ni majibu ya wawili hao. Cyprus, ambako tatizo lao ni thalasemia ya beta, walianza kupima wachumba tangu miaka ya 1970, na Kanisa lenyewe likawa linadai cheti cha kipimo kabla ya kufungisha ndoa. Watu waliendelea kuoana, ila walijua wanaingia na nini.

Kuhusu kipimo chenyewe uwe mjanja, kwa sababu hapa ndipo watu wanapopotezwa. Kile cha bei nafuu kinachofanyika vituo vingi ni cha kioo: tone la damu linachanganywa na dawa inayoondoa oksijeni, linafunikwa, linasubiriwa, kisha mtaalamu anachungulia kwenye hadubini. Nimefanya kazi hiyo miaka mingi na bado huwa natulia kidogo chembe zinapoanza kujikunja. Chembe zilizokuwa duara kama chapati zinajibana, zinanyooka, ncha zinachongoka, mpaka uwanja wote unakuwa miundu midogo, ile ya kukatia mpunga. Tatizo ni kwamba damu ya AS na ya SS zote hujikunja kwenye kioo hicho. Majibu husema "positivu" na basi. Kuna binti alikuja kwangu akilia, kituo kimoja kilikuwa kimemwambia ana selimundu wiki mbili kabla ya harusi. Alikuwa AS, mzima kama wewe na mimi, na mchumba wake alikuwa AA. Hakuna mtoto wao hata mmoja ambaye angeumwa, na karamu nusura ivunjwe.

Kwa hiyo mumeo, mdogo wako na mchumba wake waombe kipimo kinachotenganisha aina za hemoglobini, kinaitwa elektroforesisi, au kile cha kadi cha haraka kinachoonyesha mistari ya A na S. Kama hakipo karibu, sampuli hutumwa hospitali kubwa. Asipimwe mtu aliyeongezewa damu ndani ya miezi mitatu iliyopita, kwa sababu mtasoma damu ya mchangiaji. Kwa mjukuu wangu huyo wa miaka minne, hakikisha ana kliniki yake ya selimundu, penisilini ya kila siku mpaka miaka mitano, foliki asidi, chanjo ya nimonia, na uulize daktari wake kuhusu haidroksiyurea, dawa ya selimundu. Jifunze kumpapasa bandama ubavu wa kushoto, ujue ukubwa wake siku akiwa mzima, ili siku ikivimba ghafla usisubiri kupambazuke. Homa ya kufikia nyuzi 38 ni ya hospitali siku hiyohiyo. Mkono au mguu ukilegea ghafla, au mdomo ukienda upande, usipite hata dukani.

Siku ya kwenda kuchukua majibu ya mumeo, mwombe aende na mama yake, waketi wote wawili mbele ya mtaalamu, naye awachoree zile herufi kwenye karatasi: babu, bibi, baba, mtoto. Kuna mambo mkwe hawezi kuyasema kwa mama mkwe, lakini mwenye koti jeupe anaweza. Majibu ya mdogo wako ayaandike kwenye kadi na aitunze vizuri. Aina ya hemoglobini haibadiliki maisha yote, hatahitaji kulipia kipimo hicho mara ya pili.